Chanjo ya Homa ya Mafua: Mbona Daktari wa Kesho Asite?

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Je, mwanafunzi mwenzangu, umewahi kujiuliza mbona hata wanaosomea tiba huikwepa kinga?

Hapa kwetu Nyeri, Julai ikifika na ukungu kushuka mlimani, darasa zima huwa ni kukohoa na kupenga kamasi. Sisi kila kitu twakiita "homa". Lakini mafua ya kawaida si sawa na homa ya mafua, yaani influenza. Hii huja ghafla: joto jingi, viungo kuuma, mtu kulala kitandani siku kadhaa. Huwahatarisha zaidi wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu. Mwaka wa 1918 iliingia nchini kupitia Mombasa, ikapanda bara, ikaua maelfu ya watu.

Chanjo ipo. Virusi hivi hubadilika, kwa hivyo Shirika la Afya Duniani huchagua aina za kukingwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Hata hivyo, uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi hawachanjwi. Sababu zao ni hizi:

1. "Mimi ni kijana, mafua yatanifanya nini?"

2. "Ukidungwa utaugua." Si kweli. Chanjo ya sindano haina virusi hai. Mkono waweza kuuma siku moja au mbili, basi. Kinga nayo huchukua kama wiki mbili kukomaa; anayeambukizwa kabla ya hapo huisingizia sindano.

3. "Haizuii kabisa." Kweli, lakini hata mwavuli hauzuii matone yote, na bado twaubeba.

4. Gharama. Wengi huinunua, na mfuko wa mwanafunzi waujua!

Sababu ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, kwa maana kijana hujihesabu peke yake. Mtu huweza kuambukiza wengine siku moja kabla ya kuona dalili. Basi mwanafunzi wa uuguzi aingiapo wodini akiwa mzima wa afya, huenda anampelekea nyanya mwenye pumu ugonjwa asioujua. Kwake ni siku tatu za kitandani. Kwa nyanya huenda ikawa safari ya mwisho.

Wewe unayeota kuvaa koti jeupe, kumbuka: sindano hiyo si yako tu, ni ya mgonjwa wako pia.

Maswali
(a) Tofautisha mafua na homa ya mafua.
(b) Je, mhudumu wa afya alazimishwe kuchanjwa au ashawishiwe? Jadili.