Mwaka Mmoja Tu: Kalenda Inayokula Mshahara wa Mtu wa Reli

Mama mmoja wa Kasongo ameniandikia barua fupi. "Mume wangu ni mtu wa reli. Mishahara anayodai ni ya miezi mingi, hata mimi nimechoka kuihesabu. Juzi amekwenda kuuliza, akaambiwa ile ya zamani imeshakufa kisheria, asijisumbue. Je, mshahara wa mtu unaweza kufa na mwenyewe yu hai?"

Mama, jibu langu litakuuma, lakini ni bora likuume leo. Ndiyo, unaweza kufa. Sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina kifungu cha 317. Kifungu hicho kinasema madai yanayotokana na mkataba wa kazi hupitwa na wakati baada ya miaka mitatu. Kisha kinatoa mshahara nje ya kanuni hiyo: madai ya mshahara hupitwa na wakati baada ya mwaka mmoja tu, ukihesabu toka siku ulipotakiwa kulipwa. Kila mwezi una saa yake. Mshahara wa Januari unaanza kuzeeka kwanza, wa Februari unafuata, na mume wako akiendelea kwenda kazini kila asubuhi, nyuma yake mwezi mmoja mmoja unaanguka kama embe lililooza.

Watu wa reli hawaambiwi jambo hili. Wanaambiwa "vumilieni", "faili iko Lubumbashi", "waziri ameahidi". Maneno hayo ni matamu, na kila moja linakula siku. Mkubwa wa ofisi anayemtuliza mfanyakazi kwa miezi kumi na mitatu, halafu akamfungulia kitabu cha sheria na kumwonyesha kifungu cha 317, amemwibia mtu huyo, hata kama hakugusa mfuko wake.

Malimbikizo ya mishahara ya Shirika la Reli la Taifa, SNCC, si siri. Wafanyakazi wamegoma mara nyingi kwa ajili hiyo. Kuanzia mwaka 2010 Benki ya Dunia ilitoa fedha katika mradi wa uchukuzi uitwao PTM, na sehemu yake ikaenda kuwalipa wazee waliokwisha kufikia umri wa kupumzika. Fedha za nje zilihitajika ili mzee aliyetumikia njia ya reli maisha yake yote aende nyumbani na kitu mkononi. Na sheria yenyewe iko wazi: mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na usichelewe zaidi ya siku sita baada ya kipindi hicho kwisha. Hapa kwetu siku sita zimekuwa misimu ya mpunga.

Basi mtu afanye nini? Kifungu hichohicho kinachoua ndicho kinachotoa dawa. Kinataja mambo yanayosimamisha saa na kuianzisha upya. La kwanza ni kumwita mwajiri mbele ya tribinali. La pili ni hesabu iliyofungwa kati ya pande mbili, inayotaja deni lililobaki bila kulipwa. La tatu ni dai la mfanyakazi kwa mwajiri kwa barua ya rekomande yenye uthibitisho wa kupokelewa. La nne ni dai lililopelekwa mbele ya inspekta wa kazi. Zaidi ya hayo hakuna. Kuuliza dirishani hakumo. Mkutano wa sendika chini ya mwembe haumo, wala ahadi ya mkurugenzi redioni.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Sendika inaandika barua: "Sisi wafanyakazi tunadai miezi yetu." Barua inapokelewa, watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wakiamini wamedai. Lakini nani amedai, miezi ipi, kiasi gani? Siku ya kesi mwajiri atasema hakuona dai la mtu yeyote. Sendika ifanye kazi yake, lakini barua iwe na orodha: jina la kila mtu, nambari yake ya matrikuli, kila mwezi anaodai, kiasi cha kila mwezi, na sahihi yake mwenyewe. Nakala ipelekwe kwa inspekta wa kazi Kindu. Akienda mmoja anawabebea wote, na asiondoke pale bila nakala yenye mhuri na tarehe. Kupokea dai ni kazi ya inspekta, wala mlalamikaji hana deni naye. Anayekuomba "kitu cha karatasi" kabla ya kupiga mhuri anauza kitu ambacho si chake.

Kuhusu rekomande, nasema wazi: nani hutuma rekomande kutoka stesheni kama Samba? Waliotunga kifungu hiki walikuwa wakifikiria mji wenye posta inayofanya kazi. Barua ya kukabidhi mkononi na kusainiwa ni nzuri, ishike. Lakini usiitegemee peke yake, maana avoka wa mwajiri atasema sheria imetaja rekomande. Dai mbele ya inspekta ndilo linalofaa watu wa huku.

Halafu kuna malipo ya nusunusu. Siku moja mnaitwa, mnalipwa mwezi mmoja, furaha tupu. Soma karatasi kabla ya kusaini. Imeandikwa mwezi gani? Ikiwa umelipwa mwezi uliopita, basi ule wa mwaka jana unaendelea kuzeeka kimyakimya. Omba, tena kwa adabu, karatasi hiyo itaje deni lote lililobaki na isainiwe na pande mbili. Ukiipata, hiyo ndiyo hesabu iliyofungwa inayotajwa na kifungu cha 317. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko ahadi za miaka mitano.

Na ile miezi iliyokwisha kupita mwaka? Msikate tamaa upesi. Kupitwa na wakati ni ngao ya mdaiwa, na ni yeye anayepaswa kuinua ngao hiyo. Hakimu haruhusiwi kuiinua kwa niaba yake. Tena mdaiwa anaweza kuiacha. Mwajiri akisaini leo mpango wa kulipa malimbikizo na kutaja miezi ya zamani, ameikubali. Kwa hiyo mumeo asimjibu yule aliyemwambia deni limekufa. Aombe hesabu kwa maandishi, miezi yote ndani. Ofisi nyingi huitoa bila kufikiri, kwa sababu zimezoea kuandika madeni ambayo hazikusudii kulipa.

Msikimbilie tribinali moja kwa moja. Kesi ya kazi ya mtu mmoja haipokelewi kabla haijapita kwa inspekta kwa usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, omba hati ya kushindikana, ndipo mlango wa tribinali unafunguka. Na kugoma ni haki, Katiba ya 2006 inaitaja katika kifungu cha 39, lakini mgomo usiotanguliwa na hatua za usuluhishi unampa mwajiri kisu cha kuwakata.

Kuna sauti nyingine inayowavunja watu moyo: "Hata mkishinda, mali ya Leta haikamatwi." Zamani neno hilo lilikuwa na nguvu. Lakini SNCC si idara ya serikali. Kwa sheria ya Julai 2008 na dekreti ya Aprili 2009, iligeuzwa kuwa kampuni ya biashara. Na mwezi Aprili 2018 mahakama ya OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika, iliyoko Abidjan, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Grands Hôtels du Congo ya Kinshasa, iliamua kwamba kampuni ya biashara haiwezi kujificha nyuma ya kinga hiyo kwa sababu tu Leta ina hisa ndani yake. Avoka wenu asipoijua hukumu hiyo, mwambieni.

Sasa nije kwa abiria, maana njaa ya mtu wa reli haibaki nyumbani kwake. Inapanda treni pamoja naye. Sheria inasema saa 45 za kazi kwa wiki, saa 9 kwa siku. Lakini kwenye njia ya Kongolo kwenda Kindu, kilomita 355 zilizojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, treni ikitoka relini katikati ya msitu watumishi wake hukaa nayo mpaka iinuliwe. Waliostaafu hawakupata warithi wa kutosha. Dereva aliyechoka na mshika breki ambaye hajalipwa, hao ndio wanaokabidhiwa roho za watu.

Mtu wa Kabambare anafika Kasongo kwa pikipiki au kwa baiskeli, na mafuta ya mawese au karanga nyuma. Anavuka Lualaba, anafika Samba, anangoja treni ya abiria isiyo na siku. Inakuja ya mizigo. Mtu wa treni anamwambia: "Panda, utanipa matabishi." Anapanda juu ya vagoni. Amelipa, lakini hana tiketi.

Kisha inatokea ajali. Novemba 2018 treni ilianguka hapohapo Samba, watu wapatao 10 wakafa. Septemba 2019 ikawa Mayibaridi, upande wa Tanganyika, watu wakafa tena. Machi 2022 ikawa Buyofwe, Lualaba, watu wapatao 75. Na kila mara neno la wakubwa ni lilelile: waliokufa walikuwa "klandesten", walipanda kwa kujificha. Mtu aliyelipa mchana kweupe, mbele ya macho ya stesheni nzima, anazikwa na jina la mwizi.

Jueni hili. Mwenye tiketi analindwa na dekreti ya 1920 juu ya wasafirishaji: msafirishaji anawajibika kwa ajali ya abiria wake, isipokuwa yeye mwenyewe athibitishe kuwa sababu ilitoka nje na haimhusu. Asiye na tiketi hana mkataba huo, lakini hajatupwa. Vifungu vya 258 hadi 260 vya kitabu cha tatu cha sheria ya madai vinasema anayesababisha hasara kwa kosa lake hulipa, mwenye kutunza kitu hulipa hasara iliyoletwa na kitu hicho, na bwana hulipa kwa kosa la mtumishi wake kazini. Hakimu anaweza kusema nawe ulikosea kupanda, akapunguza fidia. Kuipunguza si kuifuta.

Simshauri mtu apande vagoni la mizigo. Lakini najua watu watapanda, kwa sababu mgonjwa hangoji na barabara imekufa. Basi dai tiketi. Ukinyimwa, tuma ujumbe wa simu kwa ndugu: tarehe, stesheni, nambari ya vagoni, jina la aliyepokea pesa. Ajali ikitokea, waliobaki wahakikishe jina la marehemu limeandikwa katika taarifa ya polisi, na majeruhi apate cheti cha daktari. Tena msisaini karatasi yoyote siku ya msiba. Pesa ya sanda na jeneza si fidia, na anayekuletea pesa hiyo pamoja na kalamu amekuja kununua kesi yako kwa bei ya mazishi. Kwa aliye fukara kabisa, ofisi ya mambo ya jamii hutoa hati ya umaskini inayomwondolea gharama za mahakama.

Nimeeleza sheria ilivyo. Siwezi kumaliza bila kusema kwamba kifungu cha 317 ni kibaya. Katiba, kifungu cha 36, inamwahidi mfanyakazi malipo ya haki yanayompa yeye na jamaa yake maisha yenye heshima. Halafu sheria ya kazi inampa mwaka mmoja kumshtaki mtu ambaye bado anamwamuru kila asubuhi. Nani atamshtaki mkubwa wake akiwa bado kazini, na inspekta yuko Kindu, safari ya siku nyingi? Kenya wanampa mfanyakazi miaka mitatu. Na hiyo pia ni michache. Saa ya mshahara haifai kuanza kutembea kabla mkataba haujakwisha, na mwajiri asiyetoa hesabu ya maandishi asiruhusiwe kabisa kutaja kalenda. Wabunge wa Kasongo na Kabambare waliobembeleza kura zetu waulizwe hilo kwa majina yao.

Mama, usingoje wabunge. Usiku huu chukua daftari, kaa na mume wako, andikeni mwezi mmoja mmoja, toka wa zamani mpaka wa jana, na kiasi chake. Utafuteni mwezi wa mwaka jana ulio karibu kuanguka, muanze na huo. Ukiniandikia tena, usinieleze walivyowajibu ofisini. Niambie tarehe iliyo kwenye mhuri.