Tundu la Ngazi Linapopotea Kwenye Slabu

Swali: Mhandisi, nimehamisha modeli ya jengo kutoka Revit kwenda Robot. Tundu la ngazi halionekani kwenye baadhi ya slabu, na kwingine programu inakataa kugawa meshi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia Revit. Tangu toleo la 2023, modeli ya uchambuzi inajitegemea, hivyo tundu lililokatwa kwenye sakafu huenda halimo kwenye paneli ya uchambuzi. Kagua ghorofa moja moja.

Kisha tazama kingo, maana hapo ndipo penye matatizo mengi. Ukuta wa uchambuzi kwa kawaida hupita katikati ya unene wake, ilhali tundu huchorwa hadi usoni mwa ukuta. Kwa ukuta wa milimita 200, hubaki ukanda wa slabu wa milimita 100 unaoharibu meshi. Sogeza ukingo wa tundu hadi mstari wa kati wa ukuta.

Tundu likigusa ukingo wa slabu, lifute na uchore upya mpaka wa slabu. Matundu yanayopishana yaunganishe yawe moja. Vitundu vya mabomba viache nje ya uchambuzi, lakini vionyeshe kwenye michoro ya nondo.

Mwisho, hakiki uzito. Tundu la mita 2.4 kwa 5 kwenye slabu ya milimita 200 huondoa mita za ujazo 2.4 za zege, yaani takriban kilonyutoni 60. Jumla ya mizigo isipopungua hivyo, tundu halijakatwa. Usisanifu nondo kwa matokeo hayo.