Mtoto wa punda akihara, usimtibu kama ndama

Maganzo, wilayani Kishapu, punda hubeba madumu ya maji, kuni, magunia ya mahindi na mchanga wa kujengea, lakini akiugua, anayemtibu kwanza karibu siku zote ni mtu aliyejifunzia kwa ng'ombe. Hii ni nchi ya ng'ombe, na ujuzi wa ng'ombe umetulia kila kaya. Mwenye punda akiona mnyama wake ameinamisha kichwa, huchukua kilichopo nyumbani: sindano ya antibayotiki ya OTC iliyobaki baada ya kutibu fahali, dawa ya josho, pumba, magadi. Punda mkubwa mara nyingine hustahimili. Mtoto wa punda mwenye siku chache, aliyepatikana peke yake na tumbo limeshaanza kumsumbua, hastahimili.

Watoto hawa hupatikana kwa njia nyingi. Mama hugongwa na gari kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, hutumbukia katika shimo la mchimbaji lililoachwa wazi, huibwa au huuzwa na mtoto akabaki. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengenezea dawa ya asili, iliongeza hali hiyo, na mkoa wa Shinyanga wenyewe ulikuwa na kiwanda cha kuchinja punda. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walipitisha katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo kila mtoto anayeokolewa ana thamani kubwa kwa kaya inayoishi kwa mkokoteni.

Kwanza elewa tumbo lake. Punda hacheui. Ana tumbo moja dogo la chakula, na majani humeng'enywa mwishoni kabisa, ndani ya utumbo mpana, kwa msaada wa vijidudu wanaoishi humo. Mtoto mchanga bado hana vijidudu hao wa kutosha. Anaishi kwa maziwa tu, mafunda machache kila mara, mchana na usiku. Ndama unaweza kumnyonyesha asubuhi na jioni akakua vizuri. Mtoto wa punda ukimfanyia hivyo, atashinda na njaa kisha atanywa kupita kiasi kwa mara moja, na kuhara kutaanza hapo hata kama hakuwa na ugonjwa.

Ukimpata mtoto wa namna hii, usianze na maziwa. Anza na joto. Mtie kivulini kama ni mchana, au ndani penye majani makavu na magunia kama ni usiku, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo alfajiri ya Shinyanga huwa na baridi. Mkaushe na msugue mwili kwa kitambaa. Mtoto aliyepoa masikio na mdomo hawezi kumeng'enya maziwa, na ukimnywesha katika hali hiyo maziwa huchachia tumboni au huingia kwenye mapafu.

Akishapata joto, mchunguze. Kitovu kibichi maana yake amezaliwa ndani ya siku moja au mbili. Meno ya mbele ya katikati yakiwa yametokeza, huenda amefikisha wiki moja. Pima joto kwa kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, ukikipaka mafuta na kukiingiza taratibu kwenye njia ya haja kubwa huku umekishika. Joto la punda mdogo ni kati ya nyuzi 36.6 na 38.9. Likizidi 39 ana homa. Likishuka chini ya 36.6 hali ni mbaya zaidi ya homa. Fungua mdomo uone fizi: ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi kavu, macho yaliyozama na ukope unaobaki umekunjamana baada ya kuvutwa ni dalili kwamba amepungukiwa maji. Kisha tia kidole safi mdomoni. Akikinyonya kwa nguvu, una mtoto unayeweza kumlisha mwenyewe. Asiponyonya kabisa, usimnyweshe kitu chochote kwa mdomo. Huyo anahitaji mrija au dripu, na anayeweza kufanya hivyo ni daktari wa mifugo.

Kisha jiulize kama amepata dang'a. Mtoto wa punda huzaliwa bila kingamwili mwilini. Zote huzipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake huzipokea vizuri zaidi katika saa 12 za mwanzo, na baada ya saa 24 mlango huo umefungwa. Kama mama amekufa wakati wa kuzaa, au muda mfupi baadaye, mkamue angali na joto. Kama kuna punda mwingine kijijini aliyezaa leo au jana, omba kwa mwenyewe hata kikombe kimoja. Ikishindikana kabisa, dang'a ya mbuzi au ng'ombe ni bora kuliko kukosa, ingawa kinga yake haidumu. Aliyepitisha siku nzima bila dang'a anaweza kuongezewa kinga kwa maji ya damu ya punda mwenye afya, kazi ya daktari peke yake. Hata kwa asiyejulikana alinyonya au la, chukulia kwamba hakunyonya, na uwe mkali zaidi katika usafi. Kitovu kibichi kichovye kwenye dawa ya iodini mara mbili kwa siku mpaka kikauke.

Tumbo la mtoto mchanga huanza kusumbua kwa njia mbili zinazopingana. Yuko anayefunga choo. Kinyesi cha kwanza, cheusi na cha kunata, kinatakiwa kitoke ndani ya siku moja. Kisipotoka utamwona anakunja mgongo, anainua mkia, anajikamua bila kitu, anaacha kunyonya na tumbo linavimba. Bomba dogo la maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, likiingizwa polepole kwa mpira mwembamba uliopakwa mafuta, huwasaidia wengi wao. Usitumie kijiti wala kidole chenye kucha, maana utumbo wa hapo ni mwembamba na ukitoboka hakuna tiba. Ukijaribu mara mbili bila mafanikio, simama na umtafute daktari.

Mwingine huhara. Kuna kuhara kunakotokea kati ya siku ya 5 na ya 14 ambako si ugonjwa mkubwa: kinyesi ni laini, lakini mtoto anaruka, ananyonya, hana homa. Huyo msafishe tu na umwangalie. Kuhara kwa maji, kunakonuka sana au kwenye damu, pamoja na unyonge, ni jambo jingine. Huenda ni virusi, huenda ni bakteria kama Salmonela, huenda ni minyoo inayopitia kwenye maziwa ya mama, au ni mchanga na udongo aliolamba kwa sababu ya njaa. Kwa macho hutaweza kutofautisha. Ndiyo maana nasisitiza maji na maziwa kuliko sindano: karibu katika aina zote hizi, kinachomuua haraka ni kupungukiwa maji, chumvi na sukari ya damu.

Tuje kwenye maziwa, ambapo wengi hukosea wakiwa na nia njema kabisa. Maziwa ya punda yana mafuta kidogo sana, karibu asilimia 1 au chini yake, na sukari ya maziwa nyingi kuliko ya ng'ombe. Maziwa mazima ya ng'ombe, yenye mafuta ya asilimia 3 hadi 4 au zaidi, ni mazito kwake. Maziwa ya mbuzi huyamudu vizuri zaidi, na kama mbuzi wako wananyonyesha, anza na hayo. Kama ni ya ng'ombe tu, yachemshe, yaache yapoe usiku kucha, engua malai yote yaliyoelea, kisha katika kila lita tia gramu 20 za glukosi ya duka la dawa, takriban vijiko viwili vya chakula visivyojaa mno. Iwe glukosi, si asali. Sukari ya chai utumbo wa mtoto mchanga wa punda hauwezi kuivunja, nayo itaongeza kuhara. Maziwa ya unga ya ndama yaache, kwa sababu baadhi huwekewa dawa ambazo punda hazivumilii. Uji nao usimpe, wanga humshinda.

Kwa mtoto wa kilo 20, siku ya kwanza mpe jumla ya lita 2, yaani mililita 150 hadi 200 kila baada ya saa mbili, usiku pia. Akivumilia, ongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka afikie lita 4 kwa siku. Maziwa yawe na joto la mwili. Tumia chupa yenye chuchu, yeye akiwa amesimama au amelala kifudifudi, na kichwa kikae usawa ambao angekikuta kiwele cha mama. Usimwinue pua juu. Akikohoa au maziwa yakatoka puani, acha mara moja. Chupa na chuchu zioshwe na kuchemshwa kila baada ya mlo. Ni kazi ya kuchosha, na kaya inayoikubali igawane zamu, mtoto wa shule asiachiwe peke yake.

Katikati ya milo ya maziwa mpe ORS ileile ya watoto wetu, pakiti ikichanganywa kwenye kiasi cha maji safi yaliyochemshwa kilichoandikwa juu yake. Kikombe kimoja kila baada ya kuhara ni mwanzo mzuri. Usiichanganye na maziwa, na usimnyime maziwa kwa siku nzima ukidhani unapumzisha tumbo. Akiba ya mwili wake ni ndogo mno kwa mfungo huo.

Sasa mazoea ya ng'ombe yanayomuua punda. La kwanza ni dawa ya josho yenye amitrazi, inayouzwa kwa ajili ya kupe. Kwa punda na farasi dawa hii hulemaza utumbo, kinyesi kikasimama, mnyama akafa kwa msokoto wa tumbo. Soma chupa kabla ya kunyunyiza, na usimpitishe punda kwenye josho la ng'ombe bila kujua lina nini. La pili ni chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichowekewa monensini. Kiasi kidogo huharibu moyo wa punda. La tatu ni antibayotiki za kunywesha na sindano za kubahatisha: huua vijidudu wema wa utumbo na kuhara kukawa kubaya zaidi. Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni humchubua tumbo mtoto ambaye tayari anaelekea kupata vidonda. Ukimwona anasaga meno, anadondosha mate na kulala chali, huenda anavyo. Na mafuta, magadi au maji ya mwarobaini yakimiminwa kwa nguvu kooni huishia kwenye mapafu.

Punda, mkubwa kwa mdogo, huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo hugaagaa na kutoka jasho, punda hunyamaza. Kwa hiyo mtoto aliyetulia ghafla, asiyefuata chupa, aliyejitenga na kuinamisha masikio, ana hali mbaya hata kama hajalalama. Kama mama yupo, tazama kiwele chake: kikiwa kimejaa na maziwa yanadondoka, mtoto hajanyonya kwa saa kadhaa. Katika hali hizo, au ukiona damu, homa, tumbo lililovimba, kiungo kilichovimba, au kuhara kwa maji kunakozidi nusu siku, mwite afisa mifugo wa kata usiku huohuo; yeye ndiye atakayekuunganisha na daktari wa mifugo wa wilaya huko Mhunze. Lamu, Kenya, wana kliniki ya punda tangu 1987. Sisi hatuna ya jirani namna hiyo, ndiyo sababu simu ipigwe mapema. Mwandikie daktari joto, saa za maziwa, kiasi alichokunywa na rangi ya kinyesi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze anapougua, na aliyemwokota mtoto asiye wake atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji, asije akaitwa mwizi wa punda aliyemponya.

Nyuma ya mapaja pataungua kwa kuhara. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, na watoto wadogo wa nyumbani wasimkaribie mpaka kinyesi kiwe sawa, kwa kuwa Salmonela huambukiza watu. Matandiko machafu yachomwe au yafukiwe mbali na kisima.

Akianza kupona utaona kwanza hamu ya kunyonya, kisha kinyesi kuwa kama ugali laini, kisha michezo. Mtafutie mwenzake: punda jike mtulivu, mwenye afya, asiyebeba mizigo siku hizo. Atamfundisha kula majani. Ukimwona mtoto anakula mavi mabichi ya huyo mkubwa, mwache. Ndiyo njia anayopatia vijidudu vya utumbo wake. Majani laini aanze kuyaonja tangu wiki ya pili, na hapa ngitili zetu, yaani malisho tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi, ni hazina, kwa sababu Septemba na Oktoba, malisho mengine yakiwa vumbi, ndani ya ngitili bado kuna nyasi zisizochanganyika na mchanga. Mwekee maji safi wakati wote. Chakula chake usikimwage chini, kiweke kwenye beseni au gunia lililotandikwa, na okota mifuko ya plastiki uani.

Dawa ya minyoo asubiri afike miezi miwili au mitatu, daktari akimpimia uzito. Asiyehara wala kukonda asipewe kwa mazoea. Maziwa aendelee nayo hadi karibu miezi 6, ukipunguza polepole. Mzigo mgongoni asiubebe wala mkokoteni asiuvute kabla ya kutimiza miaka 3, na mizigo mizito isubiri mpaka 4, mifupa ikishakomaa.