Addis Ababa: Saa Ileile, Mwaka Mwingine

Swali: Januari nakwenda Addis Ababa kwa mara ya kwanza. Nijiandae vipi? – Msomaji, Tanga

Jibu: Mgeni kutoka Tanga ana bahati ambayo Mzungu hana. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likishachomoza, saa moja asubuhi ya stendi ya mabasi ni ileile ya nyumbani. Ila tiketi ya ndege huandikwa 07:00, na hoteli hutumia mfumo wowote kati ya hiyo miwili, hivyo ni vizuri kuuliza.

Mtihani uko kwenye tarehe. Kalenda ya huko ina miezi 13, wa mwisho ukiwa na siku 5 au 6, nayo iko nyuma kwa miaka 7 hadi 8. Januari 2026, kwa mfano, risiti inaweza kusomeka 2018. Krismasi husherehekewa tarehe 7 Januari.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi hufunga, hawagusi nyama wala maziwa. Siku hizo mgeni aagize beyaynetu: mkate mmoja mpana uitwao injera, mchachu kidogo, juu yake dengu nyekundu, kabichi na mboga za majani vimepangwa kwa mafungu. Huliwa kwa mkono wa kulia, na ni chakula kitamu kwelikweli.

Masharti ya viza yaulizwe ubalozi wa Ethiopia, Dar es Salaam, kabla ya kulipia tiketi.

Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani atahema kwenye ngazi, na usiku wa Januari ni baridi kali. Sweta nzito ni lazima.