Bilioni 177 Zitolewe Wapi?

Kila mwezi wa Juni unapofika, redioni na magazetini huwa hakuna jingine ila bajeti. Waziri hupigwa picha akiwa ameinua mkoba wake, na jioni hiyo katika matatu ya kutoka Thika kwenda Ruiru kila abiria huwa mtaalamu wa uchumi. Lakini hebu uliza tofauti ya Mswada wa Fedha na Mswada wa Matumizi uone jinsi watu watakavyoanza kutazama nje ya dirisha. Nimeandika makala haya ili tulielewe jambo hili kwa lugha yetu wenyewe. Mfano wangu ni wa mwaka 2024, mwaka ambao vyama vilibishana kuhusu matumizi ya serikali hadi nchi nzima ikatikisika.

Tuanze na msingi. Bajeti ina mikono miwili. Mkono wa kwanza huingiza pesa, na sheria yake ni Mswada wa Fedha, unaoeleza kodi gani itozwe na kwa kiasi gani. Mkono wa pili hutoa pesa, na sheria yake ni Mswada wa Matumizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 221, inamtaka Waziri wa Fedha apeleke makadirio yake katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Kwa kuwa mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, hesabu hiyo inatufikisha mwisho wa Aprili. Kamati ya Bunge nayo ni lazima isikilize maoni ya wananchi. Mkono wa kutoa ukizidi ule wa kuingiza, pengo linalobaki huitwa nakisi, na nakisi hujazwa kwa mkopo. Ndiyo bajeti hiyo, hata ya nyumbani.

Sasa mwaka 2024. Serikali ya Kenya Kwanza ilileta mswada uliokusudiwa kuongeza takribani shilingi bilioni 346 katika mapato. Bilioni ni neno linalopita masikioni bila kuacha alama, kwa hivyo natafuta kipimo kilicho karibu nasi. Barabara kuu ya Thika, hii tunayoiona kila siku ikipita Ruiru na Juja, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, iligharimu takribani bilioni 32. Bilioni 346 ni zaidi ya barabara kumi za aina hiyo. Mswada ulipendekeza kodi ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Tarehe 18 Juni baadhi ya mapendekezo hayo yaliondolewa, mkate ukiwemo, lakini vijana walikuwa wamekwisha kutoka barabarani. Tarehe 20 Juni wabunge 204 waliunga mkono mswada, 115 wakaupinga. Tarehe 25 ukapita mara ya mwisho kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Watu waliuawa. Usiku wake milio ya risasi ilisikika Githurai, ambayo kwa wasiojua sehemu yake imo katika eneo bunge la Ruiru. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza, manake wengi walidhani mambo yamekwisha. Mkono wa kuingiza ulikuwa umekatwa, lakini mkono wa kutoa ulikuwa umeshapanga kutumia pesa zile zile! Tarehe 5 Julai Rais alieleza jinsi pengo litakavyozibwa: bilioni 177 zipunguzwe katika matumizi, na bilioni 169 zikopwe. Jumlisha mwenyewe, utapata 346.

Swali likawa, hizo 177 zitolewe wapi? Upinzani wa Azimio ulikuwa umeshikilia tangu mwanzo kwamba serikali ipunguze ubadhirifu wake kabla ya kugusa mfuko wa mwananchi: safari za nje, washauri wengi, magari makubwa, ofisi zisizotajwa katika Katiba. Upande wa serikali ulijibu kwamba nchi ina madeni, na ya kwamba katika kila shilingi 100 za kodi zaidi ya 60 huenda kulipa madeni hayo, kwa hivyo asiyetaka kodi anataka mikopo zaidi. Tukiwa wakweli, kila upande ulikuwa na nusu ya hoja. Na serikali iliazima hoja za wapinzani wake bila haya. Tangazo la Julai lilisema mashirika 47 ya umma yenye kazi zinazofanana yavunjwe, washauri serikalini wapunguzwe kwa nusu, magari mapya yasinunuliwe kwa miezi 12 isipokuwa ya usalama, na ofisi za wake wa wakubwa zisitengewe pesa.

Chama chetu kilijaribu kuuigiza mjadala huu alasiri moja baada ya masomo. Tuligawanywa kambi mbili, nami nikawekwa upinzani. Kazi yetu ilikuwa moja tu: tutaje mahali pa kupata bilioni 177 bila kugusa shule wala hospitali. Tulianza kwa kelele nyingi. Mmoja wetu alisema, "Bwana Spika, tuanze na chai na mandazi ya ofisini!" Ukumbi ukacheka. Mwenzetu wa kambi ya serikali akasimama, "Taarifa, Bwana Spika! Mheshimiwa atuambie wakubwa hao wanakunywa chai ya pesa ngapi." Hatukuwa na jibu. Tukaongeza magari, safari, maua, ukarabati wa ofisi, na bado orodha yetu haikukaribia. Mwalimu alituruhusu kuendelea hadi kengele ikalia.

Ugumu wenyewe ni huu. Si kila kitu katika bajeti hukatika. Riba ya madeni na malipo ya uzeeni hulipwa moja kwa moja kwa mujibu wa sheria. Mbunge hawezi kusimama akasema leo tusilipe. Mishahara ya walimu, polisi na wauguzi nayo haikatwi kwa usiku mmoja. Kinachobaki ni maendeleo: barabara, mabwawa, umeme, madarasa. Ndiyo sababu Bunge lilipopitisha bajeti ya ziada mwaka huo, sehemu kubwa ya makato ilitoka upande wa maendeleo, si katika chai. Nasema hivi si kwa kuwatetea wakubwa. Pesa za ubadhirifu hukera hata zikiwa kidogo, na serikali inayomwomba raia afunge mkaja yafaa ionekane imeufunga wake kwanza. Lakini hasira na hesabu ni vitu viwili.

Mapato ya kaunti nayo yalibishaniwa. Mwanzoni serikali zote 47 zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1. Mswada ulipokufa, Bunge la Taifa lilitaka zishuke hadi 380, Seneti ikakataa, na baada ya upatanishi mrefu wakakubaliana 387.4. Hilo linatuhusu sana sisi wa Kiambu, kwa kuwa zahanati na hospitali zetu za umma ziko chini ya kaunti.

Tukiwa wanafunzi wa lugha, tutazame pia maneno. Wa serikali walipenda kusema "kubana matumizi", kana kwamba ni mtu na pochi yake. Wapinzani walisema "kukata ubadhirifu". Mradi wa kijijini kwako ukiondolewa, hakuna anayetumia neno lolote kati ya hayo. Husema tu "tumenyimwa". Tendo ni lile lile, aliyebadilika ni msemaji.

Na wasemaji nao hubadilika. Mwezi Julai 2024 Rais alivunja baraza lake la mawaziri, kisha akateua viongozi kutoka ODM, chama cha marehemu Raila Odinga. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, akawa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi, aliyewaongoza wabunge wa upinzani siku zile za kura, akapewa Wizara ya Kawi. Wiper ya Kalonzo Musyoka ilibaki nje. Mwezi Machi 2025 hata uenyekiti wa Kamati ya Bajeti ulitoka kwa Ndindi Nyoro wa UDA ukaenda kwa Samuel Atandi wa ODM. Basi msomaji akiniuliza chama gani kilishinda mjadala, namwomba aniambie kwanza anazungumzia mwezi gani.

Yaliyofuata yametufikia sisi wenyewe madarasani. Katika makadirio ya mwaka wa fedha wa 2025/26 pesa za mitihani ya taifa hazikuwemo, ingawa serikali ilikuwa ikiwalipia watahiniwa kwa miaka mingi. Wazazi wakapiga kelele, walimu wakapiga kelele, na mnamo Juni 2025 Kamati ya Bajeti ikarudisha bilioni 5.9. Mwezi uliofuata Waziri Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kwamba kiasi kinachopatikana ni kama 16,900. Wakubwa wengine walijitokeza kusema elimu ya bure haijaondolewa. Huenda ndivyo, lakini tofauti ya namba hizo mbili ni shilingi 5,344 kwa kila mmoja wetu. Katika shule yenye wanafunzi 800 hiyo ni shilingi 4,275,200 kwa mwaka, nazo ni za chaki, za dawa na gesi ya maabara, za umeme, na za mishahara ya mpishi na mlinzi wa langoni.