Mpagazi wa Dawa: Protini Inayosaidia Kutibu Saratani

Katika vikundi vyetu hapa Ntalikwa tumekuwa tukiulizwa: je, ni kweli kuna dawa ya saratani inayokwenda moja kwa moja kwenye uvimbe? Wapo akina mama wanaoogopa dripu za saratani, nao wanafikiri ni heri kungoja dawa hiyo. Somo hili linajibu swali lao.

Shida ilikuwa nini?

Paklitakseli ni dawa ya saratani ya matiti na saratani nyingine. Ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Amerika Kaskazini. Huzuia seli za saratani zisigawanyike. Lakini haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo huchanganywa na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, hata mgonjwa akapumua kwa shida. Ndiyo maana hupewa kwanza dawa za kuzuia mzio.

Protini inabebaje dawa?

Sisi wa Tabora tunajua habari za mizigo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilifika Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 hivi. Mzigo hautembei wenyewe.

Katika damu pia yuko mpagazi. Ni protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Hubeba mafuta na vitu vingine visivyoyeyuka katika maji. Wataalamu waliifunga paklitakseli pamoja na albumini ya binadamu, wakapata chembe ndogo sana, za nanomita 130 hivi. Chembe nyekundu ya damu ni pana kuliko hiyo zaidi ya mara 50. Kiyeyushi hakihitajiki tena, na dripu huchukua dakika 30 hivi. Tena, mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, na chembe hizo huweza kupenya humo. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

Tusidanganyike

Mpagazi huyu haendi kwenye uvimbe tu. Sehemu ya dawa hufika kwingine mwilini: nywele bado hunyonyoka, chembe nyeupe za damu hupungua, na vidole huweza kufa ganzi. Bei yake pia ni kubwa kuliko ya paklitakseli ya kawaida, ambayo bado inatibu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Basi tusingoje. Saratani ya matiti ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Ukiona kivimbe, ngozi ya titi kubonyea au chuchu kutoa damu, nenda zahanati, kisha Hospitali ya Kitete. Matibabu ya saratani yapo Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wewe ukingoja, uvimbe haungoji.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini dawa nyingine huhitaji kitu cha kuzibeba?
2. Ni mambo gani huwachelewesha wanawake wa kwetu kwenda hospitali?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mgonjwa kupata nauli na mtu wa kumsindikiza?