Maji ya udhu yasipotee: Bustani ya kiangazi nyumbani

Hapa Mpanda na Katavi kwa ujumla, mvua zikishakatika mwezi wa tano, tunazingoja hadi Novemba. Katikati hupita kipupwe cha Juni na Julai, usiku baridi, mchana jua. Ndipo mboga za majani zinapoadimika kwenye sahani zetu. Wa kwanza kuumia ni watoto na mama wajawazito, kwani mchicha, matembele na majani ya mlonge huwapa vitamini A na madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu.

Wengi husema: "Maji ya kunywa yenyewe taabu, ya bustani tutayapata wapi?" Jibu lipo pale tunapotawadhia.

Amepokea Anas (r.a.), katika Sahihi Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita 1. Tuseme kila mtu atumie lita 1. Nyumba ya watu 6, kwa sala 5, ni lita 30, yaani ndoo moja na nusu. Hata nusu ikipotea, lita 15 kwa siku zinatosha kitalu cha mita 1 kwa 2. Maji hayo ni tohara, ingawa kwa madhehebu ya Imamu Shafi hayafai kutawadhia tena.

Zingatia haya:

1. Tawadha juu ya beseni, mbali na choo. Maji ya kustanjia yasichanganywe humo kamwe.

2. Mwagilia siku hiyo hiyo, asubuhi au jioni. Maji yakituama kwa wiki moja hivi, mbu huzaliana, nasi tutakuwa tumejipandia malaria.

3. Maji ya vyombo yenye sabuni yapeleke kwenye migomba, mipapai na maua, si kwenye mboga.

4. Samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi huleta nzi na vijidudu vya kuhara. Kisha tandaza majani makavu kitaluni kuhifadhi unyevu.

Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4. Matembele huota kwa vipande vya marando. Pembeni panda mchaichai na mnanaa kwa ajili ya chai, mrehani na waridi kwa harufu njema. Lakini harufu ya mrehani isikufanye uache chandarua.

Wakati wa kupika, osha mboga kwa maji safi kabla ya kukata, usichemshe sana, tia mafuta kidogo na ukamulie ndimu mezani. Mafuta husaidia mwili kupata vitamini A, ndimu husaidia kupata madini ya chuma.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi anza na beseni moja, leo.

Wabillahi tawfiq.